Angalizo la mvua likitoka: mwongozo kamili wa kulinda nyumba na watu wako, Unguja na Pemba

Kila masika mambo ni yale yale. Tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) linatoka asubuhi, linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kila mtu anamrushia mwenzake. Jioni maji yakiingia ukumbini ndipo watu wanaanza kutafuta mapolo, udongo na tochi. Wengine hujitahidi wakaziba mlango wa mbele vizuri kabisa, kisha maji yakawapandia kutokea chooni.

Taarifa tunazipata. Tunachokosa ni kuamua mapema, tukiwa tumetulia, rangi gani ya tangazo inaleta kazi gani ndani ya nyumba. Mwongozo huu unafunga rangi na kazi. Hatua ya 1 hadi ya 3 zifanye jua likiwa linawaka, kwa sababu mvua ikishaanza hakuna anayepata utulivu wa kuzifanya.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya masika

- Mapolo matupu ya mchele au sukari, 12 hadi 15 kwa kila mlango unaoingiza maji, na kamba ya kufungia
- Udongo mzito au mchanga wa kuyajaza, uliofunikwa mahali pakavu uwani
- Nailoni nzito au turubai, mita chache
- Beleshi, jembe, reki na ndoo mbili
- Matofali ya kuinulia friji, kabati na magodoro
- Madumu safi ya maji ya kunywa yenye vifuniko
- Tochi na betri za akiba, redio ndogo ya betri, simu iliyojaa chaji
- Vidonge vya klorini vya kutibu maji, jiki, na paketi za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini (ORS)
- Dawa za wagonjwa wa nyumbani za wiki moja
- Mfuko wa nailoni usiopitisha maji: vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi, vyeti vya kuzaliwa, hati ya nyumba, kadi za kliniki, fedha taslimu kidogo
- Karatasi yenye namba za sheha, jirani wawili, kituo cha afya na ofisi ya ZECO (shirika la umeme Zanzibar) ya eneo lako. Namba ya dharura ya polisi ni 112

Maji ya kunywa na kupikia kadiria lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa siku tatu. Nyumba ya watu sita ni lita 72, yaani madumu manne ya lita 20. Kandili na mishumaa ni sawa ukikosa tochi, lakini vikae mbali na magodoro na mapazia. Watu wakiwa wamejazana chumba kimoja usiku, moto mdogo unatosha kuleta msiba wa pili.

Mchanga usichimbe ufukweni. Fukwe ndizo zinazoizuia bahari isitufuate majumbani, na udongo wa kawaida unafanya kazi hiyo hiyo ndani ya polo.

## Hatua ya 1: Juwa maji yanaingilia wapi

Ingoja mvua ya kawaida, ile isiyotisha mtu. Vaa viatu, toka nje, izunguke nyumba yako taratibu. Tazama maji yanatoka upande gani, yanasimama wapi, na yanapokimbia yanaelekea kwa nani.

Maji yana njia nne za kuingia: mlangoni, chooni na kwenye matundu ya bafuni, kupitia ukuta au sakafu, na juu kwenye paa. Nyumba nyingi zina mbili kati ya hizo. Mwenye nyumba kwa kawaida huijua moja tu.

Tafuta alama ya maji ya zamani ukutani, ule mstari wa kahawia unaobaki hata baada ya kupaka chokaa. Pima kutoka sakafuni. Kimo hicho ndicho utakachotumia kuinulia vitu katika hatua ya 5, ukiongeza sentimita 30.

Kisha uliza wazee wa mtaa. Sehemu nyingi za Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, zimejengwa juu ya mabonde ya zamani na maziwa ya mvua, na maji yana desturi ya kurudi kwao. Pale Mwanakwerekwe kila mtu anajua maji yanakojikusanya. Mtaani kwako pana mahali kama hapo, hata kama leo pamejengwa ukuta na kupakwa rangi.

Kwa ndugu zetu wa Pemba, swali ni jingine: nyumba iko juu ya bonde la mpunga, chini ya mlima, au kando ya kijito? Aliye bondeni anaogopa maji. Aliye chini ya mteremko aogope udongo, na udongo hauzuiwi kwa mapolo.

Umefaulu ukiwa unaweza kumwambia mtoto wa miaka kumi, bila kufikiri: "Maji yakija, yataanzia pale."

## Hatua ya 2: Lisome tangazo mpaka mwisho

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaona picha ya ramani, wanaona rangi, wanafunga simu. Tangazo lina mambo matano na yote yana kazi.

Tarehe. TMA hutoa mwelekeo wa hali mbaya ya hewa kwa siku tano, na kila siku ina ramani yake na rangi yake. Tangazo la jana linaweza kuwa limebadilishwa leo. Picha isiyo na tarehe usiisambaze. Kila masika zinarudi picha za mwaka juzi, watu wakakimbia bure, na siku ya kweli hawakimbii tena.

Eneo. Soma kama wametaja "visiwa vya Unguja na Pemba" au kisiwa kimoja. Wakiandika "baadhi ya maeneo", maana yake mvua inaweza kuipiga Wete, na Chake Chake wakashinda na jua.

Rangi. Njano ni angalizo. Rangi ya chungwa ni tahadhari. Nyekundu ni tahadhari kubwa.

Uwezekano na athari. Chini ya ramani huandikwa, kwa mfano, uwezekano wa kutokea ni wastani na kiwango cha athari ni wastani. Rangi hutokana na mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja. Kwa hiyo njano inaweza kuwa mvua yenye madhara makubwa ambayo uwezekano wake bado ni mdogo. Anayesema "ah, ni njano tu" hajasoma mstari huu.

Kiasi. TMA inaposema mvua kubwa, inakusudia mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 kwa kuisikia ni kitu kidogo. Basi chukua nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8: milimita 50 juu ya paa hilo peke yake ni lita 4,000, sawa na madumu 200 ya lita 20. Hayo ni ya paa lako tu. Ya paa la jirani, ya barabara na ya uwanja wa skuli ulio juu yenu bado hatujayahesabu.

Usiku simu zikizimika na mtandao ukikatika, sikiliza redio. Ndiyo maana redio ya betri imo kwenye orodha.

Umefaulu ukiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: siku gani, kisiwa gani, rangi gani, uwezekano gani.

## Hatua ya 3: Tazama mwezi, uijue bahari

Hili halimo kwenye tangazo la mvua, na kwa mtu wa mjini lina uzito sawa na tangazo lenyewe.

Mitaro mingi ya mjini inamwaga baharini. Bahari ikijaa, mdomo wa mtaro unazibwa na maji ya chumvi, na maji ya mvua hayana pa kwenda. Yanarudi nyuma mtaani. Mvua ile ile ikinyesha maji yakiwa yamekupwa, mtaro unaimeza.

Maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huwa na nguvu zaidi siku moja au mbili baadaye. Tofauti kati ya kujaa na kupwa kwetu hukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata, wakati unasogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatosha. Tia alama kwenye tarehe 1 hadi 4 na 14 hadi 17 za kila mwezi wa masika na wa vuli. Angalizo likiangukia tarehe hizo, lihesabu kuwa rangi moja juu: njano ifanyie kazi za chungwa. Na saa za hatari zaidi ni saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa, yaani siku za bamvua kubwa kuanzia saa 8 hadi saa 12, alfajiri na jioni.

Mkiwa na mvuvi mtaani, muulizeni. Atawajibu bila kutazama kalenda.

Umefaulu ukiwa kila tangazo likitoka, swali lako la kwanza ni "leo mwezi ngapi?"

## Hatua ya 4: Rangi ya njano, kazi za nje

Angalizo limetoka. Mvua bado, au ndiyo kwanza manyunyu. Kazi za leo zote ni za nje, kwa sababu kesho huenda usiweze kutoka.

1. Safisha mtaro wa mbele ya nyumba yako, kisha wa jirani wa chini yako. Mtaro mmoja ulioziba kwa mifuko na vifuu hurudisha maji ya mtaa mzima. Tope ulilotoa lipeleke mbali na ukingo. Likibaki pale, mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka. Usishuke ndani ya mitaro mikubwa ya mjini, hasa mawingu yakiwa mazito upande wa juu. Maji hufika pale kabla ya mvua kukufikia wewe.

2. Panda, au mpandishe kijana, kutazama bati zilizolegea. Gongelea misumari, ondoa majani kwenye michirizi. Kazi hii ni kabla ya upepo. Ukishaanza, bati ni upanga.

3. Kata makuti makavu na matawi yaliyoinamia paa. Nazi za juu ya njia ya watoto ziangushwe.

4. Jaza tangi la maji la juu, lifunike na ulifunge. Tangi tupu hupeperuka. Lenye maji linatulia, na ndiyo akiba yenu ZAWA (mamlaka ya maji Zanzibar) wakizima pampu. Tangi la chini ya ardhi lizibe mdomo kwa nailoni na uzito.

5. Karo la choo lisinyonywe leo. Lilitakiwa kunyonywa kabla ya masika. Ardhi ikishalowa, shimo tupu husukumwa na maji ya pembeni, kuta zake zikabomoka.

Umefaulu ukiwa ukimwaga ndoo mbili za maji mtaroni yanakwenda moja kwa moja bila kusimama.

## Hatua ya 5: Rangi ya chungwa, kazi za ndani

Anzia chooni. Najua mkono unataka kukimbilia mlangoni, lakini maji machafu ya karo ndiyo yanayoleta maradhi, na huingia kimya.

Choo. Dalili ya kwanza ni sauti: choo kinagugumia na kutoa mapovu, na maji unayomwaga yanachelewa kushuka. Hapo karo limeshajaa. Tia udongo kwenye mfuko wa nailoni, uufunge, utie ndani ya mfuko wa pili, kisha ukandamize kwenye shimo la choo. Matundu ya bafuni yazibe kwa tambara lililoviringishwa ndani ya nailoni, juu yake weka tofali. Watu watumie ndoo yenye kifuniko kwa muda huo. Ni dhiki, lakini ni dhiki ya usiku mmoja.

Mapolo. Jaza nusu, au kuzidi nusu kidogo. Polo lililojaa linakuwa gumu na duara, maji hupita ubavuni mwake. La nusu hulala na kushikana na mwenzake. Tandika nailoni kwanza, ipande ukutani na itokeze mbele. Lalisha mapolo mdomo ukiwa umekunjwa chini, ukikanyaga kila moja kwa mguu. Safu ya juu ipangwe kama matofali, kila polo likae juu ya kiungo cha mawili ya chini. Kisha rudisha nailoni juu yake na uikandamize kwa polo la mwisho.

Usipandishe ukuta huo kupita goti. Maji yakiwa gotini nje na ndani pakavu, ukuta wa nyumba ndio unaobeba uzito wote, na ukuta wa tofali unaweza kulala. Kwa nyumba ya udongo na miti, usizuie kabisa: chimba mfereji mdogo uyapeleke maji pembeni, mbali na msingi, na mbali na uwani kwa jirani.

Vitu. Inua friji na magodoro juu ya kile kimo ulichopima. Mchele, unga na sukari viende juu kuliko vyote. Mfuko wa nyaraka utundikwe karibu na mlango wa kutokea.

Umeme. Zima meni swichi kabla maji hayajafika sakafuni, ukiwa umesimama pakavu na mikono mikavu. Maji yakishaingia na meni swichi haijazimwa, usiisogelee. Piga simu ZECO.

Radi. Ukisikia ngurumo ingia ndani, usisimame chini ya mnazi wala mwembe. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Umefaulu ukiwa nyumba iko gizani kwa hiari yako, choo kimezibwa, na watoto wanajua viatu vyao viko wapi.

## Hatua ya 6: Kuondoka

Amueni mapema alama ya kuondoka. Isiwe "tukiona yamezidi", kwa sababu kila mtu ana kuzidi kwake. Iwe kitu kinachoonekana: maji yakifika ngazi ya pili ya baraza, tunatoka. Na rangi nyekundu ikitoka nanyi mko bondeni, tokeni mchana, bila kungoja alama.

Watangulie bibi na babu, wajawazito, watoto, na mgonjwa wa sukari na dawa zake. Nendeni kwa jamaa aliye juu, au mahali sheha alipopanga. Muulizeni sheha mapema ni wapi, na kama njia ya kwenda huko haipiti bondeni. Mume anayebaki kulinda vitu ndiye anayekuja kutafutwa usiku na vijana wa watu, kwa hiyo tokeni wote.

Mambo ya njiani:

- Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuinyanyua gari ndogo, na 60 hubeba gari nyingi. Bodaboda haina nafasi hata kwenye yale ya mwanzo.
- Mtaro ulio wazi hauonekani maji yakiwa juu yake. Shika fimbo ndefu, pima mbele kabla ya kila hatua, mtoto umbebe au umshike kifundo cha mkono.
- Mito yetu ni mifupi. Mvua ya juu hufika chini haraka, wakati wewe ulipo hakuna hata wingu. Maji ya kijito yakigeuka rangi ghafla na kuja na majani na vijiti, toka bondeni hapo hapo. Wenye mashamba ya mpunga, acheni jembe.
- Mteremkoni, tazama nyufa mpya ardhini, miti au nguzo zilizoinama, milango iliyoanza kukwama na chemchemi iliyogeuka tope. Ukiona moja ya hizo, ondokeni kwenda pembeni ya mteremko. Msishuke uelekeo wa udongo.

Wenye safari ya bahari, tangazo la upepo mkali na mawimbi ni lenu. TMA hutaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, na ngalawa haikuundwa kwa hayo. Kimbunga Hidaya kilipotua Mafia tarehe 4 Mei 2024, walioahirisha safari hawakupoteza kitu zaidi ya siku.

Umefaulu ukiwa mmefika wote, mmehesabiana, na sheha anajua mlipo.

## Hatua ya 7: Maji yakishakupwa ndani

Usirudi usiku. Ingia mchana, viatu vigumu miguuni, fimbo mkononi. Nyoka, nge na tandu nao walikimbia maji, na hupenda chini ya magodoro. Ukuta uliopasuka upya au uliofanya tumbo usikae chini yake.

Umeme usiwashe mpaka fundi apitie soketi zilizolowa.

Toa tope kwanza, osha kwa sabuni, kisha pangusa kwa jiki: kikombe kimoja kwenye ndoo ya maji ya lita 20. Jiki haifanyi kazi juu ya tope, na isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya choo, hewa inayotoka inaua. Chakula kilichoguswa na maji kitupwe, hata kama unga umelowa pembeni tu.

Kisima chochote kilichofikiwa na mafuriko kihesabu kimechanganyika na choo. Chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, au tumia vidonge vya klorini kwa kipimo cha paketi, mpaka watu wa afya wakipime kisima. Mtu akiharisha maji maji mfululizo, hiyo inaweza kuwa kipindupindu: anza ORS papo hapo, njiani mkienda kituo cha afya. Paketi zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Piga picha za uharibifu kabla ya kusafisha, pamoja na alama mpya ya maji ukutani, umpelekee sheha. Tathmini ya maafa huanzia kwake, na asiyeandikwa huwa kama hakufikwa.

Mapolo yaliyoguswa na maji ya karo yamwagwe mbali na kisima na mapolo yenyewe yatupwe. Yaliyo safi yaanike, yakunje, yarudi stoo. Vuli inaanza Oktoba.